Mungu Anajua Mizinga Ilipo

Shangazi Veneranda, shikamoo. Niokoe, nakaribia kuachwa na mchumba.

Mimi ni Revocatus wa Usoke, Mkatoliki, nasoma chuoni, na muhula huu tumeanza falsafa ya dini, kwamba Mungu ni nani, anajua yote au la, anabadilika au habadiliki, mambo matamu kweli, basi nikaenda Ipole kwa baba yake Recheli mchumba wangu, mzee Gerson, mfuga nyuki na mzee wa kanisa la Moravian, akanichukua porini tukatundike mizinga, na yeye hapandi mti bila kusali, na kwenye sala hutaja kila mzinga, ule wa kwenye mninga karibu na mto, ule wa kwenye myombo uliopigwa radi, jua linatuchoma, uzalendo ukanishinda nikasema, "Baba, kama Mungu anajua yote, si anajua mizinga ilipo? Na kama habadiliki, tukimwomba atabadili nini?" Mzee akafumbua macho, akavaa kofia, akasema, "Basi nenda kwa huyo Mungu wako asiyeombwa, akutafutie na mke." Sasa Recheli hapokei simu, posa imesimama, na ninampenda, Shangazi. Nilikosea wapi? Mbona hoja yangu ilikuwa sahihi?

Jibu

Marahaba, mwanafalsafa. Hoja ilikuwa sahihi, ndiyo maana umebaki nayo peke yako.

Swali lako ni kongwe kuliko reli inayopita hapo Usoke. Wenye ndevu zao wamelibishania na hawajalimaliza, wewe ukataka mkwe alimalize porini, tena jua linamchoma. Wapo wanaosema Mungu hatikisiki kwa maombi. Wapo wanaosema ni baba, na baba hubembelezwa. Mimi sijui. Mwalimu wako naye hajui, ila yeye analipwa.

Lakini nikuulize: Recheli hakujua unampenda kabla hujatamka? Kwa ulivyokuwa unamkodolea macho, hata kuku wao walijua. Mbona ulimwambia? Na mbona alitaka kusikia? Mzee Gerson hampi Mungu taarifa, bwana wee, anazungumza naye. Ni mtu mzima, anakaribia kupanda mti mrefu, anaogopa, wewe ukamkatiza. Hiyo si falsafa, ni kukosa adabu, na pole yangu kwako inaishia hapo.

Sasa acha kumsumbua binti kwa simu. Nenda Ipole mwenyewe, shikamoo kwanza, samahani pili, na hilo neno "habadiliki" liache Usoke. Siku ya kurina asali, omba wewe ndiye upande mti. Mzee akisali, fumba macho mpaka amina, kisha panda. Nyuki wakishaingia kwenye suruali, mkwe wako atasikia kutoka chini unavyomweleza Mungu uko mti gani, na tawi la ngapi.