Nalipa Kodi ya Umeneja Nisiokuwa Nao

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usicheke kabla hujamaliza kusoma, maana mke wangu ameshacheka akamaliza na sasa amenuna.

Mimi niko ughaibuni, nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, natoa mashuka na foronya kwenye mashine ya kukaushia nakunja mpaka vidole vinakufa ganzi, kazi ya halali, siilalamikii, ila siku ya posa baba mdogo aliyenisemea alipoulizwa kijana wenu anafanya nini akajibu kifua mbele kwamba ni meneja wa hoteli, na mimi niliyekuwa nasikiliza kwenye simu nikawa kimya kama maji mtungini. Sasa baba mkwe ni mstaafu wa ofisi ya kodi, na kwetu hata sisi tulio nje tunatakiwa kutangaza kipato, basi mzee akasema mkwe wake hatahangaika, fomu yangu ataijaza yeye palepale mezani kwake anapowajazia ukoo mzima, nimtajie tu mshahara. Ningetaja wangu? Nilikwenda kwenye ubao wa matangazo karibu na lifti ya wafanyakazi, nikakuta hoteli inatafuta meneja, nikanakili mshahara wake wote pamoja na posho ya mavazi.

Tangu hapo kila mwaka nalipa kodi ya meneja kwa mshahara wa mkunja mashuka. Mwanzoni mzee alikuwa akijisifu kwenye kila harusi kwamba hakuna mkwe anayelipa kodi kama wake, siku hizi ametulia, ila akijaza fomu lazima anipigie, "Mwanangu, hesabu hizi una hakika nazo?" nami namjibu, "Hakika kabisa, baba," naye anaguna, halafu anasema, "Haya." Juzijuzi alimpa msafiri kifurushi atuletee, soksi za sufu, sweta langu mimi, na bahasha ya pesa za matumizi kwa binti yake, mzee ana mapenzi sana.

Mwaka huu kodi imegongana na ada ya mke wangu ya chuo cha ushonaji, na pesa tuliyo nayo ni ileile moja. Ameniambia, "Chagua, umeneja wako au cherehani yangu. Jumapili nampigia baba. Ukinitangulia sawa, usiponitangulia sawa." Nimeshampigia mzee mara mbili nikaishia kumuuliza kama mvua imenyesha. Nikisema ukweli ataniona tapeli na atamwita binti yake arudi nyumbani, na mimi bila mke wangu sijui nitaishije. Nifanye nini?

Meneja wa Mashuka

*

Meneja wa Mashuka,

Samahani, nimecheka. Nimeandikiwa na watu walioficha mishahara wasitozwe kodi, walioficha maduka, mmoja aliyeficha mpaka ng'ombe. Aliyejiongezea hajatokea, umefungua njia wewe. Ila mkeo ana haki ya kununa. Sifa mmekula wewe na baba mdogo, gharama mmembebesha yeye.

Ada ya chuo lipa leo, kabla hujakunja hili gazeti. Kisha kusanya karatasi zako za mshahara, za kweli, siyo za ubaoni, halafu mpigie mzee wewe mwenyewe. Baba mdogo akae mbali na hiyo simu, asije akakufanya mwenye hoteli. Mwamkie, kisha sema, "Baba, nilikudanganya. Kazi yangu ni kukunja mashuka." Mvua iache. Baada ya hapo mwombe akusaidie kusahihisha fomu zote za nyuma, kwa sababu uongo kwenye fomu ni uongo hata ukijiumiza mwenyewe, na afadhali ujisalimishe kuliko kuitwa. Ulizeni kama ulichozidisha kinarudishwa, na kama kodi unayokatwa huko uliko inapunguza ya nyumbani. Sheria za nchi hazifanani na mimi si mtaalamu. Mtaalamu ni huyohuyo unayemkimbia.

Unaogopa mzee atajua. Hebu soma tena barua yako taratibu. Mtu aliyezeeka akikagua mishahara ya watu anakuuliza kila mwaka kama una hakika, unaapa, anaguna. Akaacha kujisifu harusini. Halafu akatafuta msafiri, akakutumia sweta. Wewe kijana, umeona wapi baba mkwe anamtumia meneja wa hoteli soksi, na mke wa meneja pesa ya matumizi?

Mzee anajua siku nyingi, na binti yake hajamwita. Anasubiri umwambie kwa mdomo wako, na amekupa nafasi kila mwaka, wewe unamjibu "hakika kabisa".

Mpigie kabla ya Jumapili. Na ukishamaliza kuungama, mshukuru kwa zile soksi, maana kwenye barua yako yote sijaona mahali uliposema ahsante.