Bunduki Iliyorudi Bila Kasoro

Salo, Michigan
2 Septemba 1986

Mpwa wangu Marlys,

Barua hii imetoka kwa mtu ambaye bila yeye msimu wa kulungu hauanzi, kwa hiyo isome ukiwa umekaa. Serikali inaandika tarehe kumi na tano Novemba, sawa, lakini watu wa Salo hawatazami karatasi ya serikali. Wanatazama kama Reino Lahti ametoka mlangoni. Mwaka ule nilipoumwa jino, wanaume arobaini walikaa ndani ya magari wakinisubiri, na kulungu wenyewe wakasimama barabarani wakiulizana kulikoni.

Hujambo lakini? Unakula? Sisi wazima. Helmi wangu ana kikohozi kidogo, paka amezaa, viazi vimekubali mwaka huu.

Sasa sikiliza. Jumamosi mimi na baba yako tulinunua bunduki mpya dukani kwa Kessler, za hapo hapo kiwandani kwenu, sanduku juu ya sanduku. Nambari zake zinafuatana kama mapacha. Yangu ina nne mwishoni, ya baba yako tano. Nikaipeleka yangu kwenye shimo la changarawe kuijaribu. Nikaweka risasi, nikaielekeza kwenye ukingo, nikasukuma kile kikufuli cha usalama kwa dole gumba. Kidole changu kingine kilikuwa mbali kabisa na kifyatulio. Ikafyatuka yenyewe.

Risasi ilipasua jiwe kubwa kama ng'ombe, ikavuka ziwa, na nasikia mchungaji upande wa pili alikatisha mahubiri. Lakini mzaha kando, Marlys, bunduki haitakiwi kufanya hivyo.

Kessler ameirudisha kwenu kwa waranti, ile dhamana ya kiwanda. Wewe si ndiye unayefungua masanduku ya matengenezo? Yangu iweke juu ya zote, na uwaambie ni ya nani.

Mjomba wako,
Reino


20 Septemba 1986

Mjomba mpendwa,

Nimefurahi kupata salamu zenu. Mimi mzima, ila miguu inauma kwa kusimama. Mpe pole mkaza mjomba Helmi, na mwambie asiache kunywa kitu cha moto.

Bunduki yako ilifika mezani kwangu. Kazi yangu, kama nilivyowahi kukueleza, ni kupokea. Natoa kitako cha mbao, natazama skrubu ndogo ya kifyatulio. Kiwandani huwa tunaiziba kwa tone la rangi nyekundu. Tone likiwa limepasuka, maana yake mwenyewe ameikaza au kuilegeza, na waranti imekufa hapo hapo. Lako lilikuwa zima. Nimeandika hivyo kwenye kadi kwa mkono wangu.

Kisha ikaenda kwa Bwana Dunleavy, fundi wa majaribio. Alipiga risasi ishirini, haikuleta matata, akagonga muhuri: HAKUNA KASORO. Inarudishwa kwenu wiki ijayo.

Mjomba, nakuomba usiiwekee risasi. Yako ni ya nne mwezi huu iliyokuja na maneno yale yale: nilisukuma usalama, ikafyatuka. Nilimwambia Bwana Dunleavy, akanijibu kwamba watu wanne wenye vidole vizembe si habari.

Nimemwandikia Baba asitumie ya kwake. Unamjua. Ameniandikia mistari miwili kwamba hakununua bunduki mpya ili binti yake amfundishe kuishika. Wewe ndiye unayetembea naye msituni. Mwambie.

Mpwa wako,
Marlys


Salo
9 Oktoba 1986

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Hapa theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka. Kikohozi cha Helmi kimepona.

Bunduki ilirudi imepakwa mafuta inang'aa kama bibi harusi, na karatasi ya kusema haina kasoro, na kichupa cha mafuta cha zawadi. Zawadi. Kama mtu aliyekukanyaga halafu akakupa kiatu kimoja.

Jumapili mchana nilikuwa uani. Nimeielekeza kwenye rundo la kuni, kama mtu mwenye akili, nikasukuma usalama. Ikafyatuka. Risasi ikapiga kipande cha kuni, ikakengeuka, ikapita kwenye mlango wa sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke. Helmi alikuwa humo anasugua mabenchi. Dakika ile tu ndipo alipotoka kufuata ndoo ya pili. Ndoo ya kwanza ina matundu mawili sasa.

Sitaki kulitia chumvi hili. Hata mimi nimeshindwa.

Nimeirudisha tena kwa Kessler, na kwenye duka la ushirika nimewatangazia wote kwamba kiwanda chenu kimeniuzia mauti kwa hati ya malipo. Baba yako alikuwepo. Alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Akasema, "Reino, yangu ni ndugu ya yako na haijawahi kunikosea. Labda shida si bunduki." Na wale wazee wakacheka pamoja naye.

Wewe huko pigana. Sema umetumwa na mjomba wako, ambaye alitengeneza bunduki za kombania nzima kule vitani Korea kwa msumari na kijiko.

Mjomba wako,
Reino


24 Oktoba 1986

Mjomba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na mkaza mjomba. Niliposoma habari ya ndoo nilikaa chini sakafuni pale pale kwenye sanduku la barua.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilichukua kadi za bunduki tano zenye lalamiko moja, nikampita Bwana Dunleavy, nikaenda kwa meneja, Bwana Ostrander. Nikamwomba asimamishe bunduki za fungu lile na awaandikie wenye maduka kabla ya msimu kufunguliwa. Alinisikiliza. Alisema tuanze na yako kwa kuwa imekuja mara mbili. Ili mtu asije akasema nimeigusa, niliacha sanduku lako lifunguliwe mbele ya wote.

Wakatoa kitako. Tone jekundu limepasuka. Skrubu imezungushwa.

Bwana Dunleavy hakucheka sana. Alisema tu, "Kumbe mjomba wako ni fundi." Bwana Ostrander akaniuliza: kama mjomba anachezea skrubu, nani anajua kwamba mwezi wa tisa tone lilikuwa zima, zaidi ya mpwa wake aliyeandika kadi? Lalamiko lote wameliweka kando, na zile nne nyingine pamoja nalo. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani hadi kikao cha tarehe kumi na mbili Novemba. Siku hiyo wataamua kama nina kazi.

Sikuulizi ili nikulaumu. Nataka kujua kitu kimoja: uliigusa lini? Kama ni baada ya kurudi mara ya kwanza, basi ilifyatuka ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, na kadi yangu ni ya kweli, na kasoro ni yetu. Niandikie tarehe na sababu, uweke sahihi.

Baba anakwenda kwenye kambi ya uwindaji tarehe kumi na nne. Siwezi kuacha kufikiria hilo.

Mpwa wako,
Marlys


Salo
28 Oktoba 1986

Mpwa wangu,

Salamu. Tuko wazima. Helmi ameoka pai za nyama na viazi kwa ajili ya kambi, ishirini na nne, na amezipanga kwenye barafu.

Hilo swali lako sikulitegemea. Mimi sijagusa skrubu yoyote. Watu hao wameizungusha wenyewe ili wanichafue, nawajua wenye viwanda, nilifanya kazi mgodini miaka kumi na tisa. Ningetaka kuichezea ningeichezea vizuri, wasingeona hata alama. Waambie hivyo. Waambie Reino Lahti ameapa.

Baba yako nimemwambia aache ile bunduki. Amenijibu kwamba nikome kutafuta mwenzangu wa aibu.

Kessler amepaka rangi mpya mlingoti wa kutundikia kulungu pale mjini. Watu wanaweka dau ni nani atatundika wa kwanza. Mimi nimekataa kushiriki, ningewaonea.

Mjomba wako,
Reino


1 Novemba 1986

Mjomba,

Natumaini hamjambo.

Nimepokea kiapo chako. Kwa kiapo hicho sina kitu. Wataniuliza ni nani aliyeizungusha, na sitasema ni wao kwa sababu si wao. Nilikuwa nimesimama pale.

Sitauliza tena. Barua kutoka huko inachukua siku tatu, wakati mwingine nne. Kikao ni tarehe kumi na mbili.

Mama angekuwa hai ningemwomba yeye akuulize.

Marlys


Salo
6 Novemba 1986

Mpwa wangu Marlys,

Salamu. Barua yako ilifika jana mchana, Jumatano, siku ambayo baba yako huja kwetu sauna. Niliisoma nikaitia mfukoni.

Baada ya sauna tulikaa jikoni kwa kahawa. Alikuwa amekuja na bunduki yake kwenye mfuko, ili anikomeshe. Akaitoa, akafungua komeo, mimi mwenyewe nikatia kidole ndani kuhakikisha haina kitu. Akaifunga, akashika kikombe kwa mkono mmoja, na kwa dole gumba la mkono wa pili akawa anarudisha na kusukuma ule usalama. Mara moja, mbili, tatu. "Unaona?" akasema. "Ina adabu kuliko yako." Akaendelea. Nadhani ilikuwa ya kumi na moja au kumi na mbili.

Tak. Ikafyatuka tupu.

Kidole chake cha kufyatulia kilikuwa kwenye sikio la kikombe, Marlys. Helmi akaacha kumimina.

Baba yako akasema ni baridi, mafuta yameganda. Kisha akaanza kuirudisha mfukoni. Akasema hata hivyo yangu ni kesi nyingine. "Nani hajui mikono yako, Reino? Uliichezea tangu siku ya kwanza, ikakushinda, ukamtuma binti yangu akagombane na mabosi wake." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma.

Ningeweza kusema ndiyo, tukanywa kahawa yetu. Nimetembea naye kwenye kile kijia cha kambini miaka thelathini na moja, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mwaka huu zamu ya kutangulia ni yake, mwakani yangu. Na mwaka huu anampeleka Leonard, mdogo wake, ambaye atakwenda nyuma yetu sote wawili, na mtutu wa bunduki iliyo begani kwa anayetangulia huwaelekea walio nyuma. Nikamwambia, "Ilifyatuka kabla sijaigusa. Niliigusa baadaye."

"Baadaye lini?"

"Iliporudi kutoka kiwandani. Jumamosi, tarehe nne Oktoba. Kesho yake ndipo ilipopiga sauna."

"Walikuandikia ni nzima. Uliigusa kwa nini?"

Hapo nikamtazama Helmi na Helmi akatazama meza. Baba yako si mtu wa kuaminishwa bila sababu, na huyo Bwana Ostrander wako naona ni wa ukoo huo huo. Nikamwambia. Kisha akaisukuma ile bunduki mezani mpaka upande wangu na kusema nimfungie sanduku.

Leo asubuhi tumekwenda wote kwa Kessler. Ametoa kitako mbele yetu. Tone la baba yako ni zima, jekundu kama siku lilipowekwa, na Kessler ameandika hivyo na kugonga muhuri wa duka. Bunduki inakuja kwenu kwa posta ya haraka pamoja na barua hii. Baba yako atakwenda kambini na ile ya marehemu babu yako. Karatasi nyingine humu ndani ni yangu, ina tarehe na sahihi, na Helmi ametia sahihi kama shahidi. Kile kiapo changu cha juzi kichome moto, kilikuwa uongo. Pale kwenye ushirika pia nimesema, mbele ya wale wale waliocheka. Walicheka tena.

Umeomba na sababu. Kwenye karatasi nimeandika "kulegeza kifyatulio" tu, na inawatosha. Wewe nakuambia yote. Sikuizungusha ili nitengeneze kasoro. Tangu majira ya kuchipua kidole changu cha mkono wa kulia hakina nguvu, kinakakamaa, na kifyatulio cha bunduki mpya kilikuwa kizito mno kwangu. Pale shimoni, baada ya kufyatuka yenyewe, nilijaribu kuipiga mwenyewe mara ya pili, nikavuta mpaka mkono ukatetemeka, nikashindwa. Kessler aliponiuliza mbona sikuijaribu tena, nikamwambia risasi zimeisha.

Shati nililovaa leo kwenda dukani, vifungo alinifungia Helmi.

Mjomba wako,
Reino