Kwa Nini Mama Alikwenda Krete

Grünwitz,
Jumapili, tarehe 9 Februari

Kwako kaka Silvio,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Majorka, na kazi ya jikoni inakwenda. Sisi hapa tupo. Baba mzima, anakohoa kama kawaida yake. Shangazi Roswitha mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Mimi pia sijambo. Mama ndiye si mzima, na nitafika hapo. Unajua kuandika si kazi yangu, shule niliiacha mapema, kwa hiyo usinihesabie makosa. Ningekupigia simu ila namba yako haiingii tena. Jina la hoteli nimelipata kwenye kadi uliyomtumia Mama zamani, nikalinakili herufi moja moja.

Mimi bado niko palepale kiwandani, tunafua mashuka ya hospitali tatu. Theluji imeanguka kidogo, imegeuka tope. Lile shimo la makaa ya mawe aliloendeshea Baba mitambo wamelifungulia maji, wanasema litakuwa ziwa na watalii watajaa. Baba anacheka. Anasema mwaka huu hakuna haja ya ndege, atoe kiti chake nje, ajipake mafuta, angoje maji yafike mlangoni.

Sasa Mama. Mwezi wa kumi na moja alipata kiharusi. Alikuwa anamenya viazi, mimi nimetoka tu kazini, nikaona kisu kimelala sakafuni na yeye anakitazama kama hajui ni cha nani. Upande wa kulia umekufa. Maneno hayatoki. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, macho yake yaleyale. Daktari amesema ndege asahau, si mwaka huu wala mwakani. Nataka ulielewe hilo kwanza, maana yanayofuata yote yanalitegemea. Mama hatakuja kwako tena. Kama mtaonana, ni wewe uje.

Najua unasema moyoni kwamba alikuwa na nafasi hakuitumia. Mwezi wa sita, shangazi alipokutumia ile picha yetu ya Krete, ulimwandikia Mama kwamba naona ndege zenu zinavijua visiwa vyote isipokuwa changu. Aliusoma ujumbe ule kwenye kiti cha ufukweni, akanipa simu niusome na mimi, kisha akaiweka ndani ya kapu chini ya taulo. Baada ya hapo ukabadilisha namba. Mimi nakuandikia kukwambia kwa nini tulikwenda Krete.

Ulipoondoka, desturi hii ilikuwa haijaanza. Miaka ile Baba na Mama walikuwa wanagombana kila Januari juu ya safari ya kiangazi. Baba alitaka Uturuki tu, hoteli ileile, chumba kilekile, kwa sababu mhudumu wa pale alishajua bia yake. Mama alitaka kila mwaka pahali papya. Alikuwa anasema ujana wake wote ulipita nyuma ya ua wa waya wa mpakani, nchi imefungwa, bahari aliyoruhusiwa ni ile ya kaskazini, unaingia unatoka midomo ya buluu, na sasa mtu anamwambia Uturuki mara ya saba? Basi mwaka mmoja, kwenye mkesha wa mwaka mpya, shangazi akachoka na kelele zao. Tulikuwa tunayeyusha risasi, ile metali laini, kubashiri mwaka kama watu wote wa huku, kila mtu kipande chake kwenye kijiko juu ya mshumaa, unamwaga kwenye bakuli la maji baridi, kikiganda unakishika mbele ya mshumaa watu wasome kivuli ukutani. Nyumba nyingine wanatafuta ndoa na watoto. Shangazi akasema, nyie wawili ndoa mnayo na mmeichoka, acheni risasi iwachagulie bahari.

Tangu siku hiyo ikawa sheria. Mama anakwenda ofisi ya safari anachukua vile vitabu vya bure vyenye picha, anakata visiwa kwa mkasi, anavibandika ukutani kwa gundi. Halafu yeye ndiye anayeyusha. Kivuli kikifanana na kisiwa gani, huko ndiko tunakwenda, na hakuna kubishana. Tulikwenda Malta hivyo. Tulikwenda Rodo. Saiprasi mara mbili, Baba akaungua mgongo mara mbili. Lakini hakubisha hata mara moja. Unavyomjua Baba utashangaa, ila ni kweli. Serikali ilipopiga marufuku risasi madukani, kwamba ni sumu, shangazi alikuwa na mkebe wake wa zamani, akasema sumu tumekula hapa miaka arobaini na tumenenepa.

Kazi ya kushika risasi mbele ya mshumaa ilikuwa yangu. Mkono wangu hautetemeki. Na shangazi alisema mimi ndiye hakimu mzuri kwa sababu sina maneno, na mtu asiye na maneno hana uongo.

Haya. Siku ya mkesha, mwaka juzi, asubuhi, Mama alikuwa anaparua magamba ya yule samaki wa bwawani tunayemla kila mkesha, mimi namshikia mkia. Akaniambia bila kuinua uso kwamba mwaka huu anataka iwe Majorka. Akasema hajaomba Mungu tangu yuko msichana, maana shuleni walifundishwa hayupo, lakini usiku uliopita ameomba, na kama kweli hayupo basi hakuna hasara. Nikamuuliza kwa nini asimwambie Baba tu waziwazi. Akanitazama kama mimi ni mtoto mdogo. Akasema jina la Silvio likitajwa kwenye meza hii kwa mdomo, Baba atasimama aondoke. Likitajwa na risasi, atakaa.

Na alisema kweli. Jioni, tumeshakula, Baba akakiona kisiwa cha Majorka kimebandikwa katikati kabisa. Akasema huko kuna nini, wahuni wanalewa mchangani mchana kweupe. Shangazi akamwambia na wewe ungekuwa na nguvu ungelewa nao. Tukacheka, hata yeye. Halafu akasema maneno ambayo sijayasahau. Akasema desturi ni desturi. Risasi ikisema Majorka, atakwenda Majorka, na ataketi kwenye meza ya huyo kijana aliyemwambia mbele ya majirani kwamba Grünwitz kumebaki shimo na wazee, na atakula atakachopika, ila chumvi ataweka mwenyewe.

Mama alishika kijiko, nikaona anaumauma mdomo wa chini. Risasi ikayeyuka, akamwaga, maji yakalia. Nikatia mkono kwenye bakuli, nikaitoa, nikaishika mbele ya mshumaa. Ukutani kikatoka kitu kirefu chembamba kama mjusi aliyelala. Shangazi akasema hiyo Krete bwana, hata mtoto anaiona. Baba akashusha pumzi, sijui ya nini, ya nafuu au ya kitu kingine. Mama akasema ndiyo, Krete. Akaenda jikoni kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Krete ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Jua kali, maji safi mpaka unaona vidole vyako. Baba anaamka saa kumi na mbili asubuhi kutandika taulo zetu kwenye vitanda vya mbele kabla Waingereza hawajashuka. Siku ya pili Mama akamuuliza mhudumu Majorka iko upande gani. Yule akafikiri, akaonyesha magharibi, nyuma ya baa na mitambo ya kupozea hewa. Mama akakigeuza kitanda chake. Ufukwe mzima umeelekea baharini, yeye ameelekea ukuta wa baa. Baba akamwambia watu watadhani una kichaa. Akajibu acha wadhani. Alikaa hivyo wiki mbili. Na ujumbe wako ulipoingia, jioni yake akaniambia kwamba si kosa lako, wala si lake. Alisema kama Silvio angekuwa anamtaka kweli, risasi ingeonyesha kisiwa chake. Anahisi tu kwamba huko hatakiwi, na risasi imejua mapema. Aliamini hivyo, kaka. Mama yetu, ambaye hakuamini chama wala kanisa, aliliamini bonge la risasi.

Sasa nitaandika kitu ambacho nimekizungukia kurasa tatu.

Risasi ilisema Majorka. Ilipokuwa bado ndani ya maji niliiona, pana, pembe nne, imemegwa huku na huku, sawasawa na ile karatasi ukutani. Sijawahi kuona inafanana hivyo na kisiwa chochote. Ilikuwa haina haja hata ya mshumaa. Wote walikuwa wanatazama ukuta, hakuna aliyekuwa anatazama vidole vyangu. Niliigeuza ubavu. Ndivyo tu. Kitu kipana ukikigeuza ubavu kinakuwa chembamba.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza kabla yako. Ulipoondoka nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ulinikalisha kwenye ngazi ukaniambia nikipata chumba tu nakuja kukuchukua, nitakufundisha kupika. Mimi nikaacha shule mwaka huohuo kwa kukungoja, nikaona ya nini kusoma, naondoka. Miaka miwili nilikuwa na begi chini ya kitanda. Halafu Krismasi ile, wiki moja kabla ya risasi, ulimpigia shangazi, mimi nipo, amefungua sauti, nikasikia unamwambia mwanamke wako kwa kucheka kwamba kuna mdogo wangu pale, yule bubu, bado anafua mashuka. Naye akacheka. Shangazi akazima sauti haraka lakini nilikuwa nimeshasikia.

Kwa hiyo kichwani mwangu nilimwona Mama ameketi kwenye meza yako, anakula kwa furaha, Baba anajitia chumvi, na mimi pembeni bubu. Nikageuza vidole. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilitaka ukose kitu kimoja. Sikujua kwamba ninayemnyima ni yeye.

Jumapili iliyopita nilimwambia. Nilikuwa namlisha supu, Baba ametoka. Nilimweleza yote, tangu bakuli mpaka ukuta, sijawahi kusema maneno mengi vile maishani mwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga mdomo. Nikamsogezea kijiko, hakufungua. Nikangoja supu ikapoa, hakufungua. Tangu siku hiyo hali kwa mkono wangu. Anamngoja Baba, na Baba hajui kulisha, anamwagia shingoni, anatukana kijiko. Baba ananiuliza umemfanya nini mama yako, na mimi bado sijamjibu. Nitamjibu barua hii ikishatoka mikononi mwangu.

Kaka, sikuombi unisamehe. Yeye mwenyewe hajanisamehe, wewe utaanzia wapi? Nakuomba uje. Uje umwambie kwa mdomo wako kwamba unamtaka, kwa sababu wangu hauamini tena. Daktari anasema kiharusi cha pili hakipigi hodi. Chumba nimekitoa vitu vyangu, shuka ni safi, mimi nitalala kwa shangazi kwa siku zote utakazokaa, hutaniona kama hutaki. Na usiogope Baba. Mtu aliyekuwa tayari kuja mpaka kwenye meza yako hatakufungia mlango.

Jambo moja la mwisho, na nisilipolisema litanikaba. Miaka tisa ndege zilikuwa zinaruka kutoka huko pia. Mama alikuwa anangoja risasi impe ruhusa. Wewe ulikuwa unangoja ruhusa ya nani? Langu nimelibeba, na hilo ni lako, ulibebe unapokuja.

Msalimie huyo mwenzako, jina lake hatukuwahi kuambiwa. Shangazi angekusalimu sana angejua naandika. Salamu za Baba sina, na za Mama haziwezi kutoka. Basi pokea zangu peke yake, hata kama ndizo ulizokuwa huzitaki.

Ni mimi mdogo wako,
Danilo