Jina Ambalo Dada Hakutaka Liombe

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua hii ikikukuta umeketi, usinyanyuke. Goti lako nalijua. Je, limekubaliana na ngazi za huko, au bado mnapanda mkigombana? Na kikohozi cha mzee wako kimemwachia?

Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana. Baba, kaka yako, amestaafu lakini bado anaamka alfajiri na kuvaa viatu, utadhani kuna mahali anasubiriwa.

Ningekupigia simu, ila habari ni ndefu, na wewe ukianza kufurahi unakata.

Habari yenyewe ni ya Dada. Unakumbuka alivyougua homa ya uti wa mgongo. Alipona, masikio hayakupona. La kulia halisikii chochote, la kushoto linasikia kidogo kwa msaada wa kile kifaa. Pale zahanati anakofanya kazi walimtoa mapokezi, ambako kila mgonjwa aliijua sauti yake, wakampeleka chumba cha mafaili. Hakulalamika. Tulimsifu kwa uvumilivu, kumbe alikuwa anajifunza kunyamaza.

Mapema mwaka huu, mama mmoja alifika dirishani kwake na mtoto mwenye homa, akataja jina. Dada hakulisikia vizuri, akaitikia kwa kichwa, akatoa faili. Lilikuwa limeshafika mkononi mwa yule mama ndipo Dada akaona tarehe ya kuzaliwa: faili ni la mtoto wa shule, na huyu yuko mgongoni. Akalichukua upesi, akaomba atajiwe jina tena, na tena, mpaka akalipata. Hakuna aliyeumia, wala hakuna aliyejua. Lakini alirudi nyumbani akamwambia Shemeji kwamba hataitikia tena jambo ambalo hajalisikia.

Hapo ndipo alipoanza kuandika kwenye simu, mchana, wenzake wakiwa wameenda kula. Shemeji unamfahamu, ni fundi bomba lakini hakuna asichotaka kukijua. Alisoma, akamwambia maneno haya yasifungiwe kwenye simu. Afungue blogu yake mwenyewe, wayasome na wengine wenye hali kama yake. Dada akakubali. Kumbe mtandao nao una mapokezi yake: kabla hujaandika lolote, unaulizwa jina la blogu. Akakwama hapo hapo, wiki baada ya wiki.

Jumapili moja akatukusanya sebuleni tumsaidie. Mama alitaka Neema Tele. Baba alitaka Sauti ya Matumaini, na alilitamka kama mtu anayefungua mkutano. Shemeji akaja na Masikio ya Kupamba. Mama akamkata jicho, lakini Dada alicheka hadi akajishika ubavu. Mimi nami nikajifanya mshairi, nikasema Ukimya Wangu. Dada akanitazama kwa huruma, akanieleza kwamba kichwani mwake hamna ukimya hata wa dawa. Mna friji kuukuu linalonguruma mchana na usiku.

Katikati ya mabishano Baba akatupa mzaha. Sote tukaangua kicheko, Dada naye. Kisha akaweka simu mezani.

"Nimecheka," akasema, "lakini sijui nimecheka nini."

Akatuambia, bila hasira, kwamba mwanzoni alikuwa akituomba tuseme tena, lakini nyuso zetu aliziona. Macho yanahama, mtu anapunga mkono, anasema si kitu. Hayo ndiyo maneno anayoyasoma midomoni mwetu kwa urahisi kuliko yote. Basi akaacha kuomba. Tukicheka anacheka, tukinuna ananuna. Alipomaliza akachukua simu, akaandika jina mbele yetu: Sema Tena.

Mama akasema basi angalau aongeze tafadhali, kwani hakumlea hivyo. Dada akamshika mkono.

"Mama, nimeomba kwa adabu muda mrefu. Hili jina nataka lisiombe."

Baba hakulipenda. Alisema huko ni kujianika, kwamba watu watamcheka, na kwamba aliyeponea chupuchupu angeshukuru badala ya kudai. Dada alisikia baadhi, mengine akayasoma usoni pake. Hakubishana, na jina hakulifuta. Shangazi, nilikaa naye hospitali nikaona alivyopigana na ugonjwa, lakini sijapata kumheshimu kama siku ile alipobonyeza kitufe cha kufungua blogu, baba yake amenuna mbele yake.

Makala ya kwanza aliipa kichwa "Si Kitu". Mwanzoni tulisoma sisi ndugu tu. Halafu mtu tusiyemjua, dereva wa lori ambaye masikio yake yanazidi kufifia, akaandika kwamba alimpa mkewe simu asome. Mke akasoma mpaka mwisho, akazima redio, wakakaa wakazungumza. Dada alinionyesha ujumbe huo mara nyingi, kila mara kana kwamba ndiyo kwanza umeingia.

Baba alijifanya hana habari. Juzi jioni nilimkuta kibarazani, miwani puani, simu ya Mama ameishika mbali. Alipomaliza aliingia jikoni, nami nikamfuata. Dada alikuwa anaosha vyombo, ametupa mgongo. Baba hakumwita. Alizunguka meza akasimama mbele yake, penye mwanga wa dirisha.

"Nimesoma," akasema, kwa ile sauti yake ya chini.

Dada akafunga bomba. "Sema tena."

Niliuona mkono wa Baba ukianza kuinuka, nikajua kinachofuata. Lakini aliushusha, kisha akasema polepole, midomo ikisomeka:

"Nimesoma, mwanangu. Huyo anayesema si kitu ni mimi."

Safari hii alisikia. Alijifuta mikono, akamvutia baba yake kiti upande wake wa kushoto. Mimi nikatoka, maana sikuwa na kazi pale.

Kwa hiyo, Shangazi, usiniulize tena mimi hali ya Dada. Mpigie mwenyewe, ile simu ya kuonana, uso wako uelekee kwenye mwanga, na usiongee huku unatafuna. Na ukiwa na nafasi, msome.

Mfikishie mzee wako shikamoo yangu. Wasalimu binamu Mrefu na Pacha wote wawili. Mungu akupe usingizi mwema na magoti mapya.

Mwanao akupendaye kwa moyo wote,

Kitindamimba