Ukurasa Uliosema Hakuna Kitu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, mwanao na hao mapacha wake, ambao naambiwa wanalia kwa zamu ili mtu asipate usingizi. Mimi huku sijambo, nikiondoa magoti na ngozi ya shingo iliyobabuka kwa jua. Nyumba yako iko salama. Bati la jikoni nimelipigilia misumari upya.

Barua yako niliipata Ijumaa. Umeniuliza mambo matatu na yote nitayajibu, ila la mwisho litasubiri kidogo.

La kwanza ni mkutano. Ni Jumatano saa nne asubuhi katika ukumbi wa halmashauri, na siku hiyohiyo wataamua kama kampuni iruhusiwe kulifukia tope lote la mlango wa mto, mikoko na yote, wapate yadi ya makontena. Wakikubaliwa, ukirudi utakuta saruji pale ulipookota chaza miaka ishirini na sita. Wameishikilia ile ripoti ya miaka mitatu iliyopita, inayosema pale hakuna kiumbe.

La pili, umeuliza kama kweli niliacha ofisi ili nikahesabu kaa, au watu wananizushia. Hawanizushii. Nahesabu kaa, ndege, na kila kinachopumua. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu tuanze, mimi na shoga yako Mama Pekupeku, ambaye sijawahi kumwona na kiatu, tunashuka maji yakianza kupwa. Tunaweka fremu ya mbao juu ya tope, mita moja kwa mita moja, tunahesabu matundu yaliyomo, tunachota tope na kulichekecha, kisha tunaandika kilichobaki kwenye chekeche. Tunatumia penseli, maana siku ya kwanza wino ulichuruzika daftari lote likawa buluu. Mwanzoni alinicheka mpaka akakaa chini, akasema hajaona mtu anayeingia topeni akatoka na namba badala ya kitoweo. Sasa ndiye mkali kuliko mimi. Juzi mvua ilikuwa inakuja, nikataka kuruka fremu mbili, akaniuliza kama kaa nao wamekwenda kujikinga. Nikainama tena.

Laiti ungeona tulichokipata! Ndege aina arobaini na tatu. Sululu, wale wenye mdomo mrefu uliopinda, siku moja walifika mia sita na kumi na wanne. Nikawahesabu mara mbili kwa kutoamini macho yangu. Kwenye mizizi ya mikoko wamejaa samaki wachanga, wadogo kama ukucha, na mtaalamu tuliyemwita kutoka chuoni alituambia kuwa wengi wao ndio wale wanaokuja kuvuliwa huko nje wakishakua. Kuna hata majani ya baharini ambayo mimi, niliyezaliwa hatua mia kutoka hapo, sikujua yapo. Yote tumeyachora kwenye ramani, fungu kwa fungu. Ramani ilipokamilika nililia, dada, na sioni haya kukwambia. Miaka yote hiyo pale palikuwa pamejaa, lakini hapakuwa na karatasi hata moja iliyosema hivyo.

La tatu. Uliniomba nimtafute aliyeandika ile ripoti. Umesema ni mtu asiye na macho wala haya, na kwamba ukimpata utamshika sikio umburute topeni mpaka awataje kaa mmoja mmoja. Nilicheka nilipofika hapo, kisha kicheko kikanikauka.

Aliyeandika ni mimi.

Nakala uliyosoma ina muhuri wa idara tu, ndiyo maana hukuliona jina. Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Mkuu wa idara alinituma nikalitazame eneo, na gari lilipatikana mchana, maji yakiwa yamejaa. Mimi niliyekulia pale nilijua kwamba tope halitazamwi likiwa limefunikwa. Nilitakiwa kusubiri muda wa saa tatu tu maji yapwe. Lakini nilikuwa na viatu vipya, na wiki hiyo mwenzangu mmoja alisema ofisini kwamba kuna mtu ananuka tope. Labda hakunisema mimi, ila nilikuwa nimetoka kwako, na neno lile lilinichoma. Sikutaka dereva anione nikishuka. Nikateremsha kioo, nikaandika: Eneo la tope, hakuna viumbe vilivyoonekana. Nikatia saini. Tope lilelile lililonisomesha kwa chaza wako!

Kwa hiyo usinisifu kwa watu. Niliacha ofisi siku nilipouona ukurasa wangu ndani ya mpango wa kampuni. Nilimsihi mkuu auondoe, akaniambia ripoti iliyokwisha kupokelewa haiondolewi, labda ijibiwe na ripoti nyingine. Basi nikashika fremu.

Jumatano nitasimama kabla hesabu hazijasomwa. Nitataja jina langu, saa niliyofika, na maji yalikuwa wapi. Mwanasheria wao atasema aliyedanganya jana hashindwi kudanganya leo. Aseme. Kila ukurasa una saini mbili, na kila fremu tumeiwekea kigingi. Mwenye shaka avue viatu, ashuke akahesabu mwenyewe. Jana nilimweleza Mama Pekupeku. Alibeba fremu toka mikokoni hadi barabarani, kisha akaniuliza kesho maji yanaanza kupwa saa ngapi.

Sikuombi unisamehe kabla ya Jumatano. Ila kuna jambo daftari letu halina. Lina miezi kumi na moja tu. Miaka ishirini na sita unayo wewe, chaza walikuwa wapi, walipungua lini, walirudi lini, na hakuna mwingine anayeikumbuka. Panda basi la alfajiri. Kama una hasira, njoo nazo, na ukitaka kunikana mbele ya watu, nikane. Lakini ukimaliza usikae. Waambie ulichokiona, kuna mtu nimemweka pale aandike.

Mama Pekupeku anakusalimu. Wapakate mapacha kwa niaba yangu, na mama yao mpe pole ya ulezi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja.