Blanketi la Mama Mkwe Limeganda Kwenye Boneti

Mpendwa Dada Yudith, mshauri wetu, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana nimejitia kitanzi kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Lushoto, miaka hamsini na mbili, upara ninao na kitambi kinanitangulia mlangoni, na mwaka huu ndio kwanza nimenunua gari, dogo, jekundu, wametumia wengine lakini kwangu ni jipya, na ninalipenda hadi mke wangu Klara ananiuliza, "Baba Glory, na hilo gari nalo nilipakulie?"

Sasa Jumamosi natakiwa kumfuata mama mkwe kwao Vuga, na huyu mama, siku nilipopeleka posa, alinitazama viatu akasema, "Hata baiskeli hana," kwa hiyo unaelewa jinsi nilivyotaka gari ling'ae, lakini matope yetu mekundu nimekuwa nikiyasugua kwa sabuni ya unga mpaka rangi imefifia kama kanga iliyosahaulika kwenye kamba, nikawaza, sakafu yetu ya saruji Klara huipaka nta nyekundu ya kopo kila wiki na inang'aa hadi unaiona pua yako, gari jekundu, nta nyekundu, hesabu imekubali, basi Jumapili jioni Klara akiwa mazoezi ya kwaya nikalipaka boneti na paa.

Liling'aa, dada, nusura nilie. Ila ukungu ukaanza kushuka, na baridi ya huku Julai unaijua, nikaogopa umande usiniharibie kazi, nikachukua blanketi la kwanza nililoliona juu ya kabati nikalifunika, kumbe ni lile zito la maua ambalo mama mkwe alitupatia siku ya harusi, na kila akija hulipapasa kwanza ndipo anywe chai. Asubuhi nikalivuta, likagoma. Nikavuta kwa nguvu, likaja, manyoya yakabaki, gari limekuwa kama mbuzi, na blanketi ni jekundu utadhani limefanyiwa upasuaji. Nimelificha darini ndani ya gunia, gari nimelifunika turubai, nikamwambia Klara nazuia vumbi.

Shida yenyewe ni hii: Klara ameona blanketi halipo, akakumbuka kuwa jirani yetu Mzee Nassoro aliingia Jumapili kuazima ngazi. Akasema, "Hakuingia mtu mwingine humu." Na mimi, mwanamume mzima, nikasema, "Mmh." Tangu hapo shikamoo hampi, anampita kimya, na watoto wamemuiga, na jana mzee akanisimamisha njiani, "Mwalimu, nimewakosea nini?" nikamjibu nina haraka ya kipindi, na kumbe ilikuwa Sabasaba, shule imefungwa.

Nta hii naitoaje bila kuchubua rangi? Na Klara nimwambieje? Tafadhali jina langu lifiche.

Mwenye Gari, Lushoto

*

Mwenye Gari,

Jina lako nimelificha. Lakini umetaja mke, mtoto, jirani, ukwe, rangi ya gari na somo unalofundisha, sasa sijui kilichobaki cha kukufichia ni nini, labda namba ya kiatu.

Pole, kaka yangu. Sina haki ya kukucheka sana. Gari langu la kwanza nililisugua kwa waya wa kuoshea masufuria, na michirizi ile mume wangu huwaonyesha wageni kabla hajawaonyesha choo.

Nta ya sakafu ni ya sakafu. Toa hilo turubai, upepo ukilipuliza juu ya vumbi linakwaruza. Peleka gari kivulini, limwagie maji mengi hadi vumbi na manyoya yaliyolegea yaondoke. Ukisugua pakavu unalipiga msasa. Chukua fulana kuukuu ya pamba, idondoshee mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, ujaribu kwanza mahali ambapo hukupaka nta. Fulana ikitoka nyekundu hata hapo, hiyo ni rangi ya gari, acha mara moja umwone fundi rangi. Isipotoka, futa boneti na paa taratibu, ukigeuza upande safi kila mara. Kisha osha kwa shampuu ya magari, kuanzia paa kushuka chini, ndoo mbili: moja ya povu, moja ya kusuuzia sponji. Kausha, upake nta ya magari, nyembamba. Sabuni ya unga waachie mashati. Na umande ni maji tu, mwalimu. Gari halipati kichomi.

Hayo ya gari yamekwisha. Sasa nakugombeza.

Mtu amekuja kuazima ngazi, ameondoka na jina la wizi, na wewe uliyeshika ukweli ukasema "Mmh"! Mzee mzima ananyimwa shikamoo na watoto wako, anauliza njiani amekosa nini, nawe unamkimbilia kipindi kisichokuwepo. Umeogopa macho ya mama mkwe kuliko machozi ya jirani. Hapo sikuoni kama mcheshi.

Shusha gunia leo hii umpe Klara mkononi, kabla ya maelezo. Akicheka, mshukuru Mungu. Akinuna, nyamaza, amekununia kwa haki, maana naye umemtia kwenye dhambi asiyoijua. Mama mkwe akiuliza, jibu wewe, Klara asikusemee. Alikuchukua huna baiskeli. Atakuchukua na hili.

Ila Vuga huendi kabla ya kwenda kwa jirani. Gazeti hili linatoka Ijumaa. Mzee Nassoro akitoka msikitini mchana, awakute nyote mlangoni kwake, wewe, Klara na watoto, mmesimama. Watoto waanze na shikamoo. Halafu wewe useme, kwa sauti, mtaa usikie.