Kicheko cha Wimbo wa Tano

Alhamisi, 1 Julai 1999

Garsen. Miaka ishirini na minane na miezi mitatu tangu nitoke Kipini. Ni safari ya saa tatu tu, barabara ikiwa kavu. Sijaifanya hata mara moja.

Uji asubuhi. Kisha vitabu. Bado nabandua kurasa zilizogandana kwa mafuriko ya mwaka juzi. Kila kitabu kina mstari wa tope. Vile vya fikihi, sheria za dini, nilivipanga rafu ya chini, na vimeharibika zaidi. Mashairi yalipona.

Alasiri nikapeleka kanzu kwa Kazungu, fundi cherehani. Imechanika kwapani. Nikiwa bado barabarani nikasikia redio kaseti yake. Sikuhitaji kuuliza ni nani anayeimba. Ni Somoe. Na udi unaopigwa ni wangu.

Kaseti ni mpya, imetoka Mombasa. Wametoa upya nyimbo zetu zote kumi. Kwenye jalada wameandika: Somoe na Bakari, Nyimbo za Eda. Jina hilo sisi hatukulitoa. Ni la muuzaji.

Hapa hakuna anayeniita Bakari. Nilishika daftari za ghala la nafaka miaka kumi na saba, kwa hiyo mimi ni Mzee Karani. Nikaacha kanzu nikaondoka. Upuuzi, kwa umri huu.

Jumamosi, 3 Julai

Nimerudi kwa Kazungu. Nilijidanganya kwamba naifuata kanzu.

Wamekuwa baraza sasa, kila siku baada ya sala ya alasiri. Kazungu mwenyewe, Mgiriama, mtu wa kanisani, ana sikio kali kuliko wote. Godana, Muorma, mchuuzi wa ng'ombe, ndiye aliyeileta kaseti. Mama Hawa wa Idsowe anauza chai barazani pa duka na hanyamazi. Kila mstari wa jalada wanaujua. Wanajua mume alimwacha mke, na kwamba nyimbo zilirekodiwa mke akiwa ndani ya eda. Wanabishana nani alaumiwe.

Wimbo wa tano, kabla ya ubeti wa mwisho, Somoe anacheka. Kicheko kifupi. Kimeachwa mumo humo.

"Sikia! Hapo!" Godana akapiga paja. "Mume anapiga udi mpaka roho inataka kutoka, yeye anacheka. Huyu mama hana huruma, wallahi."

Kazungu hakuinua macho kwenye cherehani. "Godana, taarabu ulifundishwa na ng'ombe?"

"Ng'ombe hamcheki mwenzake."

"Angekuwa hana huruma asingeimba," Mama Hawa akasema. "Mimi ningempiga sahani ya kichwa, kisha ndiyo niimbe."

Walicheka. Nami nikacheka. Nimerudi nyumbani nikijichukia.

Jumapili, 4 Julai

Niandike ilivyokuwa, maana humu hasomi mtu.

Nilimpa Somoe talaka moja kwa sababu alibadilisha ubeti wangu mbele ya watu, arusini. Ubeti wake ulikuwa bora. Hilo ndilo lililoniuma.

Talaka moja si mwisho. Mke hukaa eda nyumbani kwa mume. Mume akisema nimekurejea kabla eda haijaisha, ndoa inaendelea. Hakuna posa wala mahari. Neno moja tu.

Mtu wa kurekodi alikuwa ameshaahidiwa. Alikuja na mashine yake kutoka Mombasa. Somoe hatoki, basi mashine ikaletwa kwetu. Wazee walinung'unika. Somoe aliketi chumba cha ndani na shangazi yake, pazia la lasi limeshushwa. Yeye alituona. Sisi hatukumwona.

Wimbo wa tano. Risha ya udi wangu, kipande cha pembe ya ng'ombe cha kupigia nyuzi, ikaniponyoka vidoleni, ikaruka, ikatua ndani ya kikombe cha kahawa cha mpiga fidla. Naye hakuacha kupiga. Alipiga huku anaikodolea macho kahawa yake. Somoe akacheka.

Siku hamsini na kitu alikuwa hajanisemesha. Hicho ndicho kilikuwa kitu cha kwanza kunipa.

Neno lilifika mdomoni. Lakini mashine ilikuwa inazunguka, na wimbo ulikuwa unakwenda vizuri. Nikaogopa kuuharibu. Nikaendelea kwa ukucha wa kidole gumba.

Nikajiambia: kanda iishe kwanza. Na si kwa hofu ya mashine peke yake. Niliona huzuni inaipendeza sauti yake. Sikutaka apone kabla ya wimbo wa kumi.

Jumanne, 6 Julai

Kazungu amegundua. Alirudisha kaseti nyuma mara sita, kidole kwenye kitufe, uzi umening'inia mdomoni.

"Baada ya kicheko udi haupo. Fidla peke yake, inazunguka mara mbili. Kisha udi unarudi, lakini sauti imebadilika. Kuna kitu hapa."

Godana akasema mume alikuwa anafuta machozi. Kazungu akasema pengine mama alisahau maneno, ndiyo maana alichelewa kuingia. Mimi mwenyewe nimeamini hivyo miaka yote. Alisahau, nasi tukamzungushia fidla.

Chai ilipoa.

Jumatano, 7 Julai

Kazungu ameuliza eda ni nini hasa. Mama Hawa akamwambia ni miezi mitatu. Nikajikuta namsahihisha. Kwa mwanamke anayepata siku zake ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi baada ya hedhi, si miezi mitatu. Inaweza kwisha mapema sana. Mwenye kuijua ni mke, si kalenda.

"Mzee Karani unajua mambo ya wanawake kunishinda!"

Wakacheka sana. Najua, Mama Hawa. Nilijifunza kwa kuchelewa.

Nilihesabu siku tisini kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu, kama karani. Kitabu cha sheria kilikuwa rafuni. Nilikuwa nimekisoma. Mtu wa mashine alipanda lori siku ya sabini na moja, kanda zimekamilika. Nikarudi ndani kusema neno langu, nikijiona mkarimu, nimeacha siku kumi na tisa mkononi. Shangazi yake akatoka na kikapu cha nguo.

"Eda imekwisha tangu juzi, Bakari. Twaenda kwetu. Ukimtaka, posa."

Kumposa mke wangu mwenyewe! Nikaliona tusi. Lilikuwa mlango. Wiki ile ile nikaondoka Kipini.

Ijumaa, 9 Julai

Baada ya sala, sokoni, nimemsikia kijana muuza nyama akimwambia mkewe: "Usinicheke kama Somoe." Mke hakujua anaambiwa nini. Wanaume watatu walijua. Kazi ya Godana hiyo. Mdomo wake unatembea kuliko ng'ombe wake.

Na kuna baya zaidi. Mpwa wa Mama Hawa anaoa Kipini, Jumamosi ya wiki ijayo. Somoe yuko hai, na ameombwa aimbe wimbo mmoja. Baraza zima linakwenda. Godana ameapa kwamba atasimama mbele ya watu na kumuuliza kwa nini alimcheka mumewe.

"Nataka anijibu yeye mwenyewe. Mzee Karani, wewe ni wa upande huo, lafudhi yako inakusema. Twende ukanisaidie maneno."

Nikasema nina homa. Sina homa.

Jumapili, 11 Julai

Siku mbili sikwenda barazani. Sikulala vizuri. Nimewaza hivi: nikinyamaza, mwanamke wa miaka sitini na tatu ataulizwa arusini, mbele ya wajukuu zake, juu ya kosa ambalo ni langu. Nikisema, Mzee Karani amekwisha. Nimempenda Mzee Karani. Hana historia.

Nimeitoa risha sandukuni. Mpiga fidla aliiopoa siku ile kwa kijiko. Udi niliuuza. Risha sikuweza.

Jumatatu, 12 Julai

Nimesema.

Nilingoja mpaka kikafika kicheko. Nikaweka risha juu ya meza ya cherehani, nikasema: "Hii ndiyo iliyomchekesha. Iliniponyoka ikaingia kwenye kahawa ya mpiga fidla. Hakumcheka mtu."

Kazungu alizima redio. Aliitazama risha, akanitazama vidole. Mama Hawa akashika mdomo. Godana akasema, polepole, "Ilimponyoka nani?"

"Mimi."

Nikawaeleza yote. Ubeti, kalenda, siku ya sabini na moja. Nilieleza kama ninavyosoma orodha ya magunia. Nilipofika kwa shangazi na kikapu cha nguo, nikarudia mara mbili, kama karani aliyepotewa na hesabu. Hakuna aliyenitania. Kazungu alisimama akanipa kiti chake, kile cha cherehani, ambacho hakikaliwi na mtu mwingine. Sikujua nifanye nini juu yake. Nikaketi.

Godana aliondoka bila kuaga.

Alhamisi, 15 Julai

Godana amekuja alfajiri na kibuyu cha maziwa. Amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Baba, nimemtukana mke wako barazani siku kumi."

Si mke wangu, nikamwambia. Akasema tayari amepita sokoni, buchani na hotelini, akawaambia watu habari ya risha na kikombe. Sasa mji mzima unacheka kahawa. Na unanitazama. Mtoto wa jirani ameniamkia: shikamoo Mzee Bakari. Nimechelewa kuitikia.

Wanaondoka kesho. Godana ameniuliza tena kama nitakwenda. Nikasema hapana. Nimempa Mama Hawa risha, nimeifunga kwenye kitambaa. Nimemwambia: mpe mkononi, si mbele ya watu. Sema tu imetoka Garsen. Akiuliza zaidi, sema nilihesabu vibaya.

Mama Hawa alikifunga kitambaa kwenye pindo la leso yake, mafundo mawili. "Mafundo yangu hayafunguki njiani," akasema. Nimemwamini.

Jumapili, 18 Julai

Hawajarudi. Duka la Kazungu limefungwa. Nimeipiga kanzu pasi. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 19 Julai

Wamerudi adhuhuri, vumbi mpaka kwenye kope. Walikuja kwangu kwanza, kabla ya kwenda makwao.

Somoe aliimba ameketi. Sauti imeshuka, Kazungu anasema, lakini haijapotea njia. Godana alikaa upande wa wanaume, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuuliza kitu. Mama Hawa aliingia kwa wanawake.

Alimkuta Somoe ameegemea mto, mjukuu mmoja analala mapajani. Mumewe wa pili alifariki zamani. Mama Hawa akampa kitambaa. Alikifungua. Akaipeleka risha puani, akanusa.

"Bado yanuka kahawa," akasema. Kisha akacheka. Mama Hawa anaapa ni kicheko kile kile, cha kwenye kaseti, mpaka mtoto akaamka.

Mama Hawa akamwambia nilihesabu vibaya. Somoe akaifunga risha tena kitambaani. Kisha akasema maneno haya, na Mama Hawa ameyahifadhi kama alivyoyasikia, kwa matamshi ya kwetu, ambayo si yake:

"Mwambie maneno sikuyasahau. Nalimngoja. Fidla ikizunguka ya kwanza, nalimngoja. Ya pili, nalimngoja. Nikaona apiga tena, nikaimba."

Mama Hawa akauliza kama kuna salamu zaidi.

"Njia aijua."

Risha hakuirudisha.

Niliwashukuru. Niliwapa chai. Kazungu aliosha vikombe mwenyewe, nikamwacha.

Jumatano, 21 Julai

Mvua ndogo asubuhi. Nimekwenda kwa Kazungu kuchukua kanzu ya pili, niliyompelekea wiki iliyopita. Nilimwomba aweke wimbo wa tano. Aliacha cherehani. Godana aliacha kuzungumza.

Kicheko. Kisha fidla. Kwa miaka ishirini na minane nilisikia pale mwanamke aliyesahau maneno. Leo nimemsikia akiwa kimya, nyuma ya lasi, ananipa nafasi. Mzunguko wa kwanza ni mrefu. Wa pili ni mrefu zaidi, mpiga fidla anauvuta, huenda yeye alielewa. Neno lenyewe ni moja. Lingeenea pale, na nafasi ingebaki.

Kisha unaingia ukucha wangu.

Wimbo ukaisha. Mama Hawa akanimiminia chai, akaongeza tangawizi bila kuniuliza.

Nimewaza maneno yake, njia aijua. Ni kweli naijua. Hakuna tusi ndani yake safari hii, wala mimi sioni tusi. Lakini ningekwenda, ningekwenda ili anisikilize tena, na wajukuu wake wanitazame. Alikwisha kunisikiliza. Alinipa mizunguko miwili ya fidla, nami nikapiga udi.

Kanzu imeshonwa vizuri, mshono hauonekani. Nimeitundika nyuma ya mlango. Kesho nitaanza kubandua kitabu cha mwisho.

Sitarudi Kipini.